Kosa Si la RAM

Jumapili ile sebule ya dada yangu pale Tabata ilijaa watu kama nyumba yenye msiba. Nilihesabu kumi na saba, bila watoto waliokaa chini. Walikuja kuangalia video ya send-off ya binti yake. Mpiga picha alikuwa ameileta asubuhi kwenye flashi, na mpwa wangu wa kiume, ambaye ndiye fundi wa nyumba, akaichomeka laptopu yake kwenye televisheni kwa waya wa HDMI. Juisi zikamiminwa, pazia likavutwa. Bibi harusi akatokea mlangoni kwa gauni la kijani, akanyanyua mguu wa kulia aanze kucheza, na mguu ukabaki hewani.

Muziki unaendelea. MC anasikika akiwaita mashangazi wasogee mbele. Mguu uko hewani. Mara bibi harusi yuko katikati ya ukumbi, hakuna aliyeona kafikaje, halafu kaganda tena, safari hii mdomo wazi. Shangazi mmoja akauliza, "Mbona mtoto kama kapagawa?"

"Ni RAM hiyo," mpwa wangu akasema bila hata kugeuka. "GB 4 haitoshi."

Hakuna aliyebisha, mimi mwenyewe sikubisha, maana si mahali pake. Kesho yake akaenda Kariakoo, fundi akaangalia mashine kwa dakika mbili, akasema maneno yale yale, na mpwa wangu akalipa shilingi elfu hamsini na tano kwa kipande kingine cha GB 4. Usiku akanipigia. "Shikamoo mjomba. Mguu bado uko hewani."

Nimesikia ushauri huu wa kuongeza RAM katika maofisi, vyuoni, na kwenye vibanda vya kuingiza muvi. Umekuwa Panadol ya kompyuta: chochote kinachouma, meza. Kwa maradhi fulani unasaidia, nitayataja. Kwa video ya kiwango cha juu inayokwamakwama, mara nyingi mno ni pesa iliyotupwa, na hilo linaweza kuonyeshwa kwa hesabu ya darasa la saba.

Hoja ya RAM ni hoja ya nafasi. Inasema video ni kubwa, kumbukumbu ni ndogo, kwa hiyo haienei. Basi tupime. Picha moja ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160, yaani 8,294,400. Kwa video ya biti 10 kama ile ya send-off, picha hiyo ikishafunguliwa inachukua takriban MB 25 ndani ya kumbukumbu. Programu haishiki video nzima kwa wakati mmoja. Inashika picha chache tu: ile iliyoko kwenye kioo, kadhaa zinazosubiri zamu, na chache zilizopita ambazo picha mpya zinazitegemea. Tuwe wakarimu, tuseme picha 16. Jumla ni MB 400. Kwa video ya kawaida ya Full HD, ile ya 1,920 kwa 1,080 yenye biti 8, kila picha ni kama MB 3, na 16 hazivuki MB 50. Ukurasa mmoja wa Facebook ulioachwa wazi kwenye Chrome unakula zaidi ya hapo, na hakuna anayeununulia RAM.

Nilimwambia mpwa wangu abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, video ikiwa inaendelea, anisomee Task Manager.

"Memory inasema ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Na CPU?"

"Mia, mjomba. Na feni inalia kama mashine ya kusaga."

Hapo ugonjwa ulikuwa umejitaja wenyewe. Zaidi ya nusu ya RAM imekaa bila kazi, huku prosesa imeshika roho mkononi.

Anayeamini RAM anafikiri kompyuta inakosa pa kuweka video. Kinachokosekana ni muda. Video ile ilikuwa na picha 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha ina milisekunde 40 za kuandaliwa, na ikichelewa, imechelewa. Fikiria mpishi mmoja anayechoma chapati huku wageni wanakula kwa mwendo usiobadilika. Ukimletea sinia kubwa zaidi, chapati haziivi haraka zaidi. RAM ni sinia.

Na kazi ya kuiandaa picha ni kubwa kuliko wengi tunavyodhani, kwa sababu kilichomo kwenye flashi si picha. Video ile ya dakika 40 ilikuwa na GB 12, sawa na MB 5 kwa kila sekunde. Zikifunguliwa, picha 25 za MB 25 ni zaidi ya MB 600 kwa sekunde. Maana yake faili limebanwa zaidi ya mara 120. Linabanwa kwa ujanja wa kutorudia kinachojulikana. Mapambo ya ukutani pale ukumbini hayakusogea kwa dakika arobaini, kwa hiyo hayachorwi upya kila mara. Faili linasema tu kwamba kipande hiki ni kama kilivyokuwa. Bibi harusi akisogea kulia, faili linasema chukua vipande vile vya gauni kutoka picha iliyotangulia, visogeze kiasi hiki, kisha rekebisha mikunjo hii. Wakati mwingine linaelekeza kwenye picha ambayo bado haijaonyeshwa. Kompyuta inafuata maelekezo hayo kwa maelfu ya vipande, mara 25 kwa sekunde. Sauti haina mzigo wa namna hiyo, ndiyo maana MC hakukatika hata neno moja. Programu nyingi za kuchezesha video huifanya sauti kuwa saa yake: picha iliyochelewa inaachwa, inatafutwa inayofuata. Mguu uliobaki hewani ulikuwa picha ya mwisho iliyowahi.

Nani basi anapaswa kufanya kazi hiyo? Hapa ndipo sisi tuliopitia kuzimwa kwa matangazo ya televisheni ya analojia tunalo neno tayari, ila tumelisahau mahali lilipohitajika. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam, televisheni zilizokuwa nzima zilibaki na chenga. Kioo kizima, spika nzima, antena iko juu ya bati. Kilichokosekana ni king'amuzi, kwa sababu mawimbi yalikuwa yanakuja kwa lugha ambayo televisheni ile haikufundishwa. Sikumbuki mtu aliyekwenda dukani kuomba aongezewe inchi.

Ndani ya laptopu pia kuna king'amuzi. Hukioni, maana ni sehemu ndogo sana ya ile chipu yenyewe, upande wa michoro, iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kufungua video. Kwa video kinayoijua, kinaifungua bila jasho huku prosesa imepumzika. Kwa lugha kisiyoijua, king'amuzi hicho hakijibu kitu, na kazi yote inaiangukia prosesa, ambayo inaweza kila kitu lakini kwa taabu. Na lugha zake kilifundishwa kiwandani. Huwezi kukiongezea nyingine kwa kupakua kitu.

Lugha hizo zina umri. H.264, ambayo bado ndiyo Kiswahili cha video duniani, ilikamilika mwaka 2003, na karibu kila kompyuta iliyotengenezwa tangu 2011 ina king'amuzi chake. H.265, ambayo watu wa faili huiita HEVC au x265, ilipitishwa 2013. Inapunguza ukubwa wa faili karibu nusu kwa ubora ule ule, na ndiyo maana wanaouza muvi kwenye flashi wanaipenda. Mwaka huo huo Google wakatoa VP9 kwa ajili ya YouTube. AV1 ikaja 2018. Kwa chipu za Intel, king'amuzi kamili cha H.265 kilianza na kizazi cha sita mwaka 2015, na hicho kilikuwa cha biti 8. Cha biti 10, pamoja na VP9, kikakamilika kizazi cha saba. AV1 ilisubiri kizazi cha kumi na moja, mwaka 2020.

Laptopu ya mpwa wangu ni Core i5, na stika inang'aa. Watu wengi wanaponunua mashine iliyotumika kutoka Ulaya au Dubai wanauliza hiyo i5 tu, kama vile unanunua Corolla bila kuuliza mwaka. Jina kamili la prosesa yake ni i5-4300U. Kwa jina kama hilo, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: cha nne, mwaka 2013. Wahandisi walioichora chipu ile waliichora wakati H.265 haijakamilika. Wangeifundishaje? Na U ya mwisho ina maana ni prosesa ya kubana umeme, yenye viini viwili. Viini viwili vya mwaka 2013, video ya 4K, H.265, biti 10. Hata ungeichomekea RAM ya GB 64, kama ingekubali, mguu ungebaki hewani.

Sasa, mbona imani ya RAM haifi? Sidhani kama mafundi wetu ni waongo. Nadhani wanashauri kinachobadilishika. Kwenye laptopu nyingi za zamani unafungua skrubu mbili, unachomeka, dakika tatu umemaliza. King'amuzi kiko ndani ya chipu iliyochomelewa kwenye bodi. Fundi akikwambia ukweli wote, hana cha kukuuzia zaidi ya kompyuta nyingine. Na kuna jambo la pili: RAM huwa inasaidia, ila kwa ugonjwa mwingine wenye dalili zinazofanana. Mashine ya GB 4 yenye Windows 10, kurasa ishirini za Chrome na programu ya kuzuia virusi, kumbukumbu ikijaa huanza kuhamishia mizigo kwenye diski kuu, na diski kuu za kuzunguka ni za polepole mno kwa kazi hiyo. Hapo kila kitu kinakwama, video ikiwemo. Ukiongeza RAM unapona, na unakwenda kumsimulia jirani.

Kuyatofautisha hakuhitaji fundi. Wakati video inakwama, sogeza kipanya. Kama mshale nao unaburuzika, na ukibonyeza Start inachukua sekunde tano, na Task Manager inaonyesha kumbukumbu imepita asilimia 90, basi kanunue RAM kwa moyo mweupe. Kama mshale unateleza vizuri na ni video peke yake inayoganda, hiyo pesa ibaki mfukoni. Na nikubali lingine, kwa haki: laptopu ambayo michoro yake inategemea RAM ya mashine ikiwa na kipande kimoja, ukiiongezea cha pili mara nyingi inapata njia mbili za kusafirisha data badala ya moja, na michoro huchangamka. Faida hiyo inatoka kwenye uwili wa vipande, si ukubwa wake. Kwa send-off yetu haikufua dafu, kwa sababu kilichokwama hakikuwa njia.

Wa pili kusingiziwa baada ya RAM ni intaneti. Kwa video iliyoko kwenye flashi huo ni utani, lakini nimeusikia. Kwa YouTube shutuma ina msingi, ila watu wanachanganya vitu viwili. Mtandao ukiwa dhaifu, video inasimama, kiduara kinazunguka, sauti nayo inanyamaza. Vyote vinasubiri pamoja. Kompyuta ikishindwa kufungua, hakuna kiduara, sauti inakwenda, picha zinaruka. Ukibonyeza upande wa kulia wa kipanya juu ya video ya YouTube kuna mstari ulioandikwa Stats for nerds. Ufungue. Utaona jina la lugha ya video, iwe avc1, ambayo ni H.264, au vp09, au av01. Utaona pia idadi ya fremu zilizodondoshwa, namaanisha picha, si fremu za duka. Idadi hiyo ikipanda kila sekunde huku akiba ya video iliyokwisha kupakuliwa ni sekunde thelathini mbele, aliyekupa bando hana hatia. YouTube wenyewe wanapendekeza kasi ya Mbps 5 kwa video ya 1080p, na siku hizi kasi hiyo si ajabu mjini. Kwa mashine ya kizazi cha nne, kinachosaidia ni kiongezi cha brauza kiitwacho h264ify, kinachoiambia YouTube ilete H.264 badala ya VP9. Ubora utaishia 1080p, na kioo cha laptopu hiyo pengine hata 1080p hakifikii.

Halafu kuna kupiga Windows upya. Ushauri huu una kejeli ndani yake, kwa kuwa nimeona mara kadhaa ukileta ugonjwa ambao haukuwepo. Mashine imetoka kwa fundi nyeupe kama sahani iliyooshwa, lakini draiva ya michoro haikuwekwa, na mwenye mashine anabana bando, kwa hiyo Windows haikupata nafasi ya kuitafuta yenyewe. Ukiingia Device Manager, chini ya Display adapters, utakuta maneno Microsoft Basic Display Adapter. Hiyo ni draiva ya dharura, ya kukuwezesha kuona kioo tu. King'amuzi kipo, kizima, kinajua H.264 vizuri kabisa, lakini hakuna anayeweza kuzungumza nacho. Video iliyokuwa inateleza wiki jana leo inakwama, na mwenye nayo anaambiwa, umeshaotea, aongeze RAM. Dawa ni draiva kutoka kwa aliyetengeneza laptopu au chipu, na haiuzwi.

Ndugu wa ushauri huo ni ule wa kujaza mashine vifurushi vya kodeki, yaani vifunguzi vya lugha hizo za video. Zamani, enzi za faili za DivX, ulikuwa na maana. Leo VLC, ile yenye koni ya rangi ya chungwa, inakuja na vifunguzi vyake vyote ndani na haitegemei chochote ulichopachika pembeni. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2018 inatumia king'amuzi cha mashine yenyewe bila kuulizwa, mradi asiwepo mtu aliyeingia kwenye mipangilio akakizima kwa sababu alisoma mahali kwamba kukizima kunasaidia. Na programu ya video inayokuja na Windows, ikikugomea H.265, mara nyingi inadai kiongezi kinachouzwa senti 99 za dola kwenye duka la Microsoft. Ni suala la leseni. Lakini hata ukikilipia, hakiwezi kukupa king'amuzi ambacho chipu haina. Utakuwa umenunua ruhusa ya kuitesa prosesa.

Vumbi nalipa heshima zaidi kuliko mafundi wengi wanavyolipa. Video ikianza vizuri, ikateleza robo saa, kisha ikaanza kukwama na kuendelea kuwa mbaya, na chini ya mashine huwezi kuweka paja, hilo ni joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Laptopu iliyotumika miaka minane ofisini Ulaya, kisha miaka mitatu mtaani kwetu huku imelazwa juu ya godoro, ina blanketi la vumbi kwenye feni, na ile grisi inayopakwa juu ya prosesa imekauka kama udongo. Kusafisha na kupaka grisi mpya kunamlipa fundi, tena kwa haki. Angalia pia kama mashine iko kwenye betri na imewekwa kubana umeme. Chomeka chaja kabla hujamlaumu mtu.

Na kuna mkwamo ambao si ugonjwa kabisa. Filamu nyingi za sinema ni picha 24 kwa sekunde. Kioo cha laptopu kwa kawaida kinajichora upya mara 60. Ishirini na nne haiingii sitini sawasawa, kwa hiyo picha moja inakaa mara tatu, inayofuata mara mbili, na kamera inapozunguka taratibu juu ya mji unaona mtikisiko mdogo unaojirudia. Hata kompyuta ya mamilioni itakuonyesha. Ukishaujua utakuudhi maisha yako yote, samahani kwa kukutajia.

Turudi Tabata. Mpwa wangu alimpigia mpiga picha, ambaye alijibu kwa kuudhika kidogo kwamba kwake inacheza vizuri kabisa. Ni kweli, maana kompyuta yake ni mpya. Nikaomba simu.

"Kaka, naomba uitoe upya. H.264, 1080p, picha 25."

"Mzee, si itapungua ubora? Nimewapa 4K."

Nikamwuliza dada yangu ile televisheni aliinunua lini. Ni ya inchi 32, na nyuma yake, kwa maandishi madogo, imeandikwa 1,366 kwa 768. Hizo ni pikseli milioni moja na kidogo. Laptopu ilikuwa inahangaika kufungua pikseli milioni nane, kisha inatupa saba, ili shangazi aone moja. Sina ugomvi na 4K. Mwenye televisheni ya inchi 65 na mashine ya kuimudu aifurahie. Lakini imegeuka kama kilo za sukari, kwamba nyingi ni heri, na wapiga picha wa harusi sasa wanaitoa kwa kila mteja bila kuuliza ataiangalia wapi. Nilimwambia aiweke ile ya 4K kwa ajili ya wajukuu, atupe ya kuangalia sasa. Tungeweza kuibadilisha wenyewe kwa HandBrake, ambayo ni bure, ila mashine ya mpwa wangu ingekesha, maana ingebidi ifungue kwa taabu ile ile kisha ifunge upya.

Faili jipya lilifika Jumatano, GB 2 na ushee. Kabla hatujalifungua nilimwomba mpwa wangu azime laptopu, afungue skrubu mbili, achomoe kile kipande cha elfu hamsini na tano. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa amvue mgonjwa dripu. Akachomoa. Tukawasha na GB 4 zake za zamani.

Watu walikuwa wachache safari hii, sita au saba. Bibi harusi akatokea mlangoni, akanyanyua mguu, akaushusha, akanyanyua wa pili, akaja akicheza mpaka katikati ya ukumbi bila kupotea hata hatua moja. Nilichungulia Task Manager kwenye kioo kidogo: CPU asilimia 12, feni kimya. Shangazi yule yule akaomba irudishwe nyuma kidogo, pale mashangazi wanaposogea mbele, ahakikishe kama kweli wigi lake lilikuwa limekaa upande. Lilikuwa limekaa upande. Ile RAM fundi alikataa kuipokea tena, bidhaa ikishatoka dukani imetoka, na mpwa wangu anaitafutia mnunuzi.